Anwani ya Redio Husomwa Upande wa Pili

Anayesanidi modemu za redio kwa mara ya kwanza huwa na picha moja kichwani: anwani ndiyo inayoupeleka ujumbe. Unaandika namba ya kifaa cha mbali, unatuma, ujumbe unaondoka kwenda kwa kifaa hicho na si kwingine. Picha hiyo imetoka kwenye simu na waya, na huko ina ukweli wake. Kwenye redio haina. Antena haijui anwani. Ukisambaza, nishati inatawanyika kila upande ambao antena inaruhusu, na kila kipokezi kilicho kwenye chaneli ileile na kwenye umbali unaofikika kinapokea pakiti nzima, kinasoma kichwa chake, yaani sehemu ya mwanzo yenye anwani, ndipo kinaamua: hii ni yangu, au si yangu niitupe. Njiani anwani haifanyi kazi yoyote. Kazi yake inaanza safari ikishaisha.

Nimeanza na hili kwa sababu matatizo mengi ninayoletewa huja yamevaa sura ya tatizo la anwani. "Nimebadilisha anwani zote, bado haziongei." "Zilipokuwa mbili ziliongea vizuri, nilipoongeza ya tatu zikaanza kuchanganyana." "Ujumbe unafika nusu." Katika hayo matatu, ni la pili tu linalohusu anwani kweli, na hata hilo si kwa namna mwenye nalo anavyodhani.

Ili tusizungumze hewani, tuseme tuna vituo vitatu. Kimoja kiko kwenye tangi la maji na kinapima kina. Cha pili kiko kwenye pampu. Cha tatu kiko mezani, kimechomekwa kwenye kompyuta inayotaka kujua kina cha maji na kuiamuru pampu. Kila kituo kina modemu yake.

Kabla kipokezi hakijafika hata kwenye kusoma anwani, kuna mambo lazima yalingane: chaneli, kasi ya hewani, kitambulisho cha mtandao, na ufunguo wa usimbaji, yaani wa kuuficha ujumbe, kama umewashwa. Kimoja kikitofautiana, modemu ya mbali ni kama imezimwa, na hakuna anwani utakayoandika itakayoiamsha. Ndiyo maana "nimebadilisha anwani zote, bado haziongei" karibu kila mara jibu lake liko kwenye kasi ya hewani au chaneli. Na angalizo: kasi ya hewani si kasi ya lango la siriali, yaani pale modemu inapounganishwa kwa waya na kompyuta au kifaa. Lango la modemu moja linaweza kuwa biti 9600 kwa sekunde na la nyingine 115200, na zikaelewana bila shida, kwa kuwa kila lango ni jambo la modemu na kompyuta iliyoishikilia. Kasi ya hewani ndiyo isiyosamehe.

Zikitoka kiwandani zote zina jina moja

Chukua moduli za XBee, yaani modemu ndogo za redio, za kizazi cha kwanza, zile za kiwango cha IEEE 802.15.4 kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Zimezeeka, lakini kwa kufundishia bado nazipenda kwa sababu hazifichi kitu. Kila moduli ina chaneli (CH), kitambulisho cha mtandao (ID), anwani yake yenyewe (MY), na anwani ya inayotumiwa, iliyokatwa vipande viwili: DH na DL. Zikitoka kiwandani ID ni 3332, chaneli ni 0C, na MY, DH na DL zote ni sifuri.

Tazama maana yake. Kila moduli inaitwa sifuri, na kila moduli inamtumia sifuri. Ukiwasha mbili, zinaongea papo hapo. Mtu anaandika "habari" upande huu, inatokea upande ule, anaamini amesanidi. Hajasanidi chochote. Majina yamefanana, basi.

Ya tatu ikiwashwa ndipo kuna la kutazama kwa karibu. Mezani wanatuma kwa sifuri. Tangi ni sifuri, pampu ni sifuri, kwa hiyo zote mbili zinaipokea pakiti kama yao, na zote mbili zinarudisha risiti, ule uthibitisho mfupi wa kupokea. Kwenye 802.15.4 risiti ni baiti tano tu: mbili za udhibiti, moja ya namba ya mfuatano, mbili za ukaguzi, yaani za kutambua kama kuna kilichoharibika njiani. Hakuna mahali pa kuandika jina la aliyeitoa. Tena haisubiri zamu: hutoka mikrosekunde 192 baada ya pakiti kwisha, bila kusikiliza kwanza kama hewa iko wazi, kwa sababu kiwango kinadhani mwenye anwani hiyo ni mmoja. Sasa vituo viwili vinatoa baiti tano zilezile karibu wakati uleule. Mara nyingine zinaharibiana, mtumaji hapati kitu, anarudia. Kiwango chenyewe kinaruhusu marudio matatu. Mara nyingine mwenye ishara kali anamfunika mwenzake, na risiti inasomeka safi kabisa. Kompyuta inaambiwa "imefika". Imefika kwa nani? Hakuna kitu chochote kwenye ile risiti kinachoweza kukujibu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuziondoa zote kwenye sifuri. Mezani naipa 0010, tangi 0020, pampu 0030, kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, na ndizo nitakazotumia kwa anwani na baiti zote. Naacha nafasi katikati kwa sababu siku moja kutakuwa na tangi la pili, na ningependa liwe 0021 lisiwe 0047. Sifuri siitumii kwa kituo chochote, hata kama mwongozo unaniruhusu: moduli mpya ikichomolewa kwenye boksi na kuwashwa jirani, itakuwa sifuri, na sitaki ipokee kitu cha mtu. FFFF nayo haigawiwi, kwa sababu ukituma kwa FFFF umetangaza kwa wote.

Kuna njia nyingine ya kuepuka majina yanayogongana: kutumia anwani ndefu. Kila XBee ina namba ya biti 64 iliyochomwa kiwandani, SH na SL, na ukizisoma utaona nusu ya juu inaanza na 0013A200, kisha nusu ya chini ndiyo inayotofautisha moduli na moduli. Ukiacha DH ikiwa sifuri na DL chini ya FFFF, moduli inatuma kwa anwani fupi ya biti 16. Ukijaza DH, inatuma kwa ile ndefu. Uzuri wa ndefu ni kwamba haiwezi kufanana na nyingine. Ubaya wake utauona siku moduli ya pampu itakapoungua. Namba ndefu ni ya kifaa, imezikwa nacho. Ile fupi ni ya kazi: moduli yoyote nitakayoiweka kwenye pampu nitaipa 0030 na vituo vingine havitajua kuwa kuna mabadiliko. Kwenye mtandao mdogo wa kudumu mimi nachagua fupi bila kusita, na namba ndefu naiandika tu kwenye daftari.

Alama tatu za kujumlisha na ukimya wa sekunde moja

Tangi na pampu zina mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, kwa hiyo DL zao naziweka 0010 na kusahau. Mezani ndiko kuna kazi, maana kuna watu wawili wa kuwatumia na nafasi moja ya DL.

Njia ya kizamani ni kuingia kwenye hali ya amri kila unapotaka kubadilisha mpokeaji. Unanyamaza kwa sekunde moja, unaandika +++ bila kubonyeza kitufe cha kuingiza, unanyamaza sekunde nyingine, modemu inajibu OK. Hapo unaandika ATDL30, unaingiza, OK; ATCN, OK, umerudi kwenye kutuma. Ukizubaa kwa sekunde kumi inatoka yenyewe. Wanaoanza hukwama hapa kwa sababu wanaandika +++ halafu wanabonyeza kitufe cha kuingiza, kama walivyozoea kwenye kila amri nyingine, na modemu inaona herufi ya nne imefuata mapema mno. Kwake hiyo si amri tena, ni data, na inairusha hewani.

Ukimya huo si pambo. Unatoka kwenye Smartmodem, modemu ya simu ya kampuni ya Hayes, ya mwaka 1981, ambapo waya uleule ulibeba data na amri, na ilibidi kuwe na namna ya kutofautisha. Dale Heatherington, mshirika wa Dennis Hayes, ndiye aliyebuni kulinda +++ kwa kimya kabla na baada yake, na wakaipatia hataza. Baadhi ya washindani walitengeneza modemu zisizosubiri kimya. Miaka ya 1990 kuelekea mwisho watu waligundua kuwa ukiipelekea kompyuta iliyo nyuma ya modemu ya namna hiyo pakiti ya ping yenye maandishi +++ATH0, kompyuta hurudisha maandishi hayohayo kupitia modemu yake, na modemu, ikidhani imeamriwa, inakata simu. Somo hilo bado lina kazi kwenye redio: kama data zako ni baiti za aina yoyote, usipunguze muda wa kimya kwa sababu tu unaona unakuchelewesha.

Na utakuchelewesha kweli. Kila kubadilisha mpokeaji kunakula zaidi ya sekunde mbili. Kwa vituo viwili utavumilia, kwa kumi huwezi.

Ndiyo sababu kuna hali ya fremu, inayoitwa API. Humo hakuna mazungumzo ya amri kabisa. Kila ujumbe unauandika ukiwa umefungwa pamoja na anwani yake. Nikitaka kuipelekea pampu herufi mbili, 48 na 49, naandika hivi kwenye lango:

7E 00 07 01 01 00 30 00 48 49 3C

7E ni mwanzo wa fremu. 00 07 ni urefu: baiti saba zinafuata kabla ya ukaguzi. 01 ya kwanza inasema hii ni kutuma kwa anwani ya biti 16. 01 ya pili ni namba niliyoipa fremu ili majibu yake niyatambue. 00 30 ni pampu. 00 ni chaguo, yaani hakuna la ziada. Kisha data zangu mbili. 3C ni ukaguzi: unajumlisha zile baiti saba, unachukua baiti ya chini ya jumla, unaitoa kwenye FF. Jumla hapa ni C3, na FF kutoa C3 ni 3C. Fanya hesabu hii kwa mkono angalau mara moja. Baada ya hapo kasoro nyingi za fremu utazinusa kwa macho tu.

Kinachorudi kina thamani kuliko kilichoenda. Moduli inarudisha fremu ya aina 89 yenye namba niliyoipa na hali: 00 imefika, 01 hakuna risiti iliyorudi, 02 hewa haikupatikana wazi. Tofauti ya 01 na 02 ni tofauti ya kwenda kukagua kituo cha mbali na kwenda kutafuta nani anapiga kelele karibu na mezani. Na kituo cha mbali kikituma, fremu ya aina 81 inakuja na anwani ya mtumaji pamoja na nguvu ya ishara. Ukiona 28 kwenye sehemu hiyo, hiyo ni arobaini, yaani dBm hasi 40, dBm ikiwa kipimo cha nguvu ya ishara. Ukishazoea kuyaona hayo, kurudi kwenye hali ya wazi, ile ambapo modemu inarusha kila inachopewa langoni bila fremu, ni kama kufumba macho.

Modemu zisizokwambia nani anaongea

Si kila modemu ina ukarimu huo. Moduli za LoRa, aina ya redio ya masafa marefu, za familia ya E32 za kampuni ya Ebyte, ambazo ziko kwenye miradi mingi, zina njia yao. Unaingia kwenye usanidi kwa pini mbili, M0 na M1, zote zikiwa juu. Zote zikiwa chini ni kazi ya kawaida. Kwenye usanidi lango linabaki 9600 hata kama uliweka kasi nyingine kwa kazi, jambo linalowatoa watu jasho. Usanidi wenyewe ni baiti sita: C0 00 30 1A 17 C4 ni "hifadhi, anwani 0030, lango 9600 na hewani 2.4k, chaneli 17, kutuma kwa anwani". C4 ile ya mwisho ikiwa 44, moduli iko wazi: kila ilicho nacho kinaenda kwa wenye anwani na chaneli moja na yake. Na C0 ya mwanzo ikiwa C2, usanidi unafanya kazi mpaka umeme ukatike tu. Kwenye toleo la masafa ya 433, chaneli inajumlishwa kwenye megahezi 410, kwa hiyo 17 ya heksadesimali, ambayo ni 23, inakupeleka 433.

Kwenye kutuma kwa anwani, baiti tatu za kwanza unazoandika ni anwani ya juu, anwani ya chini na chaneli ya mpokeaji. Ukiandika 00 30 17 AA BB CC, pampu inatoa AA BB CC kwenye lango lake. Hayo tu. Baiti tatu zimeliwa njiani, na jina la mtumaji halikuwahi kuwemo. Pampu haijui kama amri imetoka mezani au kwenye tangi, na haijui ijibu wapi.

Dawa ni kuandika anwani ya mtumaji ndani ya ujumbe wako mwenyewe, kama baiti mbili za kwanza za mzigo. Watu wanaliona hili kama kujirudia: "si anwani ipo tayari?" Ipo ya mpokeaji. Nami huongeza baiti ya mfuatano hapohapo, kwa sababu ya nitakayoyasema baadaye kuhusu marudio.

Kuna jambo jingine kwenye moduli hizi linalothibitisha nililoanza nalo. Ukiipa moduli anwani FFFF, inapokea kila pakiti kwenye chaneli yake, za kila anwani. Haikuhitaji kuvunja chochote. Pakiti zilikuwa zinaifikia siku zote. Ulichofanya ni kuiambia iache kuzitupa. Kwa hiyo mtu akiniambia mfumo wake uko salama kwa kuwa hakuna anayejua anwani zake, namuuliza tu kama amewasha usimbaji. XBee zile za kwanza zina usimbaji wa AES wa biti 128, na kuiwasha ni amri mbili: EE ikiwa 1, na KY ikiwa ufunguo.

Ujumbe unafika nusu

Hili ndilo ambalo watu wanalihangaikia kwa kubadilisha anwani, na anwani haihusiki hata kidogo.

Lango la siriali halina ujumbe. Lina baiti, moja baada ya nyingine. Redio kwa upande wake haitumi baiti moja moja, inatuma pakiti. Kwa hiyo modemu iliyo kwenye hali ya wazi lazima iamue yenyewe wapi ukate. Kwa kawaida inakata kwa sababu mbili: bafa ya pakiti, yaani hifadhi yake ya muda, imejaa, au lango limenyamaza kwa muda fulani. Kwenye XBee ya kwanza pakiti inajaa kwa baiti 100, na muda wa kunyamaza, unaoitwa RO, unatoka kiwandani ukiwa wa herufi tatu. Kwa 9600, herufi moja ya biti kumi inachukua milisekunde moja na ushee, kwa hiyo ukinyamaza milisekunde tatu tu, modemu imeshaamua ujumbe umeisha. Programu inayoandika kichwa, ikahesabu ukaguzi, kisha ikaandika mwili, imeshatengeneza pakiti mbili bila kujua.

Kwa maandishi ya kusomwa na binadamu hilo halidhuru. Kwa Modbus RTU, lugha ambayo vifaa vya viwandani hutumia kuulizana na kuamriana, linaua. Modbus ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya waya, na mwisho wa fremu yake hautambuliwi kwa alama bali kwa kimya cha herufi tatu na nusu. Kwa 9600, herufi ikiwa biti 11, hizo ni milisekunde nne. Redio ikikata fremu vipande viwili na kipande cha pili kikachelewa milisekunde kumi, pampu inaona fremu mbili mbovu, ukaguzi unakataa zote, na kwa mujibu wa Modbus kifaa kilichopokea fremu mbovu kinanyamaza. Mezani programu inaandika "muda umekwisha". Fundi anaangalia anwani.

Mimi huanza kwa kufupisha fremu kabla ya kugusa kitu kingine. Jibu la kusoma rejista, yaani visanduku vya namba ndani ya kifaa, ni baiti tano pamoja na mbili kwa kila rejista. Kwenye pakiti ya baiti 100 zinaingia rejista 47, jumla baiti 99. Kwenye moduli inayokata kwa 58, zinaingia 26, jumla 57. Usiombe 48 au 27. Baada ya hapo naongeza muda wa kunyamaza ili fremu itoke nzima, nikikubali kuwa kila ujumbe utachelewa kidogo. Modemu zinazouzwa kwa ajili ya viwanda mara nyingi zina hali maalumu ya Modbus inayokusanya fremu yote kabla ya kuitoa upande wa pili. Ikiwepo, iwashe na usahau hesabu hizi.

Kisha kuna kasi. Lango likiwa 9600 linameza baiti 960 kwa sekunde. Hewani ikiwa biti 2400 kwa sekunde, kinachotoka hakiwezi kuzidi baiti 300, kabla hata ya kutoa utangulizi na ukaguzi. Kila sekunde zinabaki baiti 660 hazina pa kwenda. Bafa ya 512 inajaa kabla ya sekunde moja kuisha, na zinazofuata zinapotea kimyakimya. Wengine hapa huongeza kasi ya lango wakidhani wanasaidia. Wanaharakisha kumwagika. Ama shusha lango, ama tumia ishara za kudhibiti mtiririko kama modemu inazo, ama tuma kidogo.

Hesabu ya muda wa kusubiri jibu nayo inafuata hapo. Ombi la baiti nane: milisekunde nane kuingia kwenye modemu, karibu 27 hewani, nane kutoka. Jibu la baiti 57: karibu 59 kuingia, 190 hewani, 59 kutoka. Tumeshafika milisekunde 350 na bado sijahesabu utangulizi wa redio, vile vimya vya kungojea, wala muda wa kifaa kufikiri. Programu iliyowekewa kusubiri milisekunde 300 itashindwa kila mara, na kibaya zaidi, itauliza swali la pili wakati jibu la kwanza liko njiani. Modemu hizi haziwezi kusema na kusikia kwa pamoja. Jibu la tangi litaharibiwa na swali la pampu. Mimi naweka sekunde nzima, na nikitaka mzunguko wa haraka zaidi ya huo nabadilisha redio.

Hewa ni moja

Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet mwaka 1971, kompyuta kwenye visiwa zikizungumza kwa redio, na kanuni yao ilikuwa rahisi: ukiwa na pakiti, tuma, usipopata risiti, subiri muda wa bahati nasibu, tuma tena. Hesabu ya kanuni hiyo inatoa kikomo kinachoshangaza: hata mambo yakienda vizuri kabisa, hewa inatumika kwa asilimia 18.4 tu, kinachobaki ni migongano na ukimya. Kila kituo kikiwa na anwani yake sahihi. Anwani haipunguzi msongamano, kwa kuwa pakiti isiyo yako inachukua hewa yako vilevile.

Kusikiliza kabla ya kutuma kunasaidia, na XBee inafanya hivyo yenyewe. Lakini tangi likiwa upande huu wa kilima na pampu upande ule, hazisikiani. Zote zinasikia mezani, zote zinaona hewa iko wazi, zote zinatuma, na zinagongana kwenye antena ya mezani peke yake, mahali ambapo hakuna kati yao anayeweza kujua.

Kwa mtandao wa namna hii nachagua kuuliza kwa zamu: mezani inaita, aliyeitwa anajibu, wengine kimya. Ni polepole na hakuna anayelisifia, ila migongano inakwisha. Na ukishakuwa na muulizaji mmoja, unaweza hata kuacha anwani za redio zote kwenye kutangaza kwa wote na kutegemea anwani za Modbus, kuanzia 1 hadi 247, zichuje. Tangi litasikia maswali ya pampu na kuyapuuza, kama ambavyo lingefanya kwenye waya. Unachopoteza ni risiti za redio, kwani tangazo kwa wote halina risiti, lakini jibu la Modbus lenyewe ni risiti tosha.

Risiti ikipotea, ujumbe unarudiwa, na mpokeaji anaweza kuupata mara mbili. Ndiyo ile baiti ya mfuatano niliyoitaja: namba ikifanana na ya mwisho kutoka kwa mtumaji huyo, jibu tena lakini usitende tena. Na amri zenyewe ziandikwe zikijua hili. "Washa pampu" ikifika mara mbili haina madhara. "Geuza hali ya pampu" ikifika mara mbili imewasha na kuzima, na kila modemu itaapa kuwa kila kitu kilifika salama.

Kabla ya kuvipeleka vituo mahali pake navijaribu mezani, nguvu ikiwa chini kabisa na antena zimechomekwa. Redio za wati moja zikiwa hatua moja kutoka kwa nyingine zinalemeana, na utaona makosa ambayo hayatakuwepo zikiwa mbali. Kisha kwenye kituo cha mbali naunganisha pini ya kutoa na ya kupokea kwa kipande cha waya, modemu ikiwa kwenye hali ya wazi, ili kila ninachotuma kirudi. Kikirudi kizima, redio na anwani za pande zote mbili ni sawa, na kama bado kuna tatizo liko kwenye kifaa au programu. Waya huo uwe kwenye kituo kimoja tu. Ukiuweka kwenye viwili vinavyotangaza kwa wote, ujumbe mmoja utazunguka kati yao mpaka uchomoe umeme.

Mwisho kabisa ni kuhifadhi usanidi usipotee umeme ukikatika: amri ya ATWR kwenye XBee, au C0 badala ya C2 kwenye E32, kwenye kila kimoja. Kisha nazima vyote, nawasha tena, na kusoma usanidi upya kutoka ndani ya modemu yenyewe, nikilinganisha na karatasi inayobandikwa ndani ya kifuniko: jina la kituo, anwani, chaneli, kitambulisho cha mtandao, kasi ya lango, kasi ya hewani. Ufunguo wa usimbaji hauandikwi hapo.